Rangi ya Kucha Ndani ya Kompyuta ya Wifi

Admin, kisa kiweke, jina langu lifiche. Watu wanaiona Dodoma kubwa tangu serikali ihamie, lakini ukipiga chafya Majengo, pole utapewa na mtu wa Hombolo, kule nje ya mji.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, sijaolewa, ni fundi wa kompyuta. Sina ofisi ya kutisha. Nina meza na kiti cha mteja kwenye kibaraza cha duka la nafaka hapo Majengo. Kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu. Mteja anakuletea kompyuta inanuka chai ya maziwa, ukimuuliza anakwambia imezima yenyewe. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku zote ni moja: nani mwingine anaigusa?

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mtumishi wa serikali na anasoma shahada jioni. Sasa hivi anamalizia utafiti wake. Mara ya kwanza alikuja mbio, kompyuta inawaka lakini haioni kazi zake. Nikafungua, nikakuta waya wa diski umechomoka. Ikianguka inatokea. Nikaurudisha, nikamshauri kama ninavyowashauri wote: usiiache juu ya kitanda, usitembee nayo ikiwa inawaka, na kazi yako iweke pia kwenye flashi. Tukataniana kidogo, akaondoka.

Akarudi na tatizo lilelile, na flashi nayo imepotea humohumo nyumbani kwake. Akarudi tena. Hapo nikaanza kuwa na wasiwasi, maana waya ule una kishikizo, hautoki kwa mitikisiko ya bodaboda. Nikamuuliza nani anaifungua kule nyumbani, akanuna.

"Watoto wangu hata kamba za viatu hawajui kufunga," akasema. "Anayejua kufungua kompyuta ni nani, wifi, kama si wewe?"

Nikaelewa kwamba ananishuku mimi. Na kwa kweli ukimsikiliza unaona ana hoja. Kila nikiitengeneza, haichukui muda inaharibika, halafu mimi ni wifi, na sisi mawifi tuna sifa zetu. Maneno yakaenda mpaka kwa mama yangu kule Hombolo, yakaingia kwenye jumuiya yetu ya kanisa, kwamba nina wivu na elimu ya mwenzangu. Mama mmoja wa jumuiya alikuja kuchukua mashine yake kabla sijaimaliza, akasema ana haraka. Sijawahi kumwona na haraka yule mama. Iliniuma sana.

Basi nikatega mtego. Nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikadondosha tone pale waya unapoingia kwenye diski, ndani kabisa. Ukiuchomoa, rangi inakatika. Sikumwambia mtu yeyote, hata wifi mwenyewe, maana naye nilishaanza kumshuku. Nikafunga, nikampa.

Juzi kaileta tena. Rangi imekatika. Nikamwambia aiache, nitaishughulikia, na sikumweleza nilichokiona.

Jana kaka akapita mezani kwangu akitokea Kibaigwa, anakofanya udalali wa mahindi. Huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ndiye aliyenipeleka chuo, na bisibisi zangu za kwanza alininunulia yeye, tukawa tunajifunzia wote wawili kwenye kompyuta mbovu sebuleni kwake, kabla hajaoa. Nikamwamkia, akaketi kwenye kiti cha mteja, akaanza utani wake.

"Siku hizi mafundi mnazipaka waya rangi ya kucha? Gundi imewaishia?"

Akacheka peke yake. Rangi ile huwezi kuiona mpaka ufungue skrubu zote za chini na kutoa mfuniko.

Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana aligeuka, akawa anatazama magunia ya dukani. Kisha akasema taratibu, "Mwambie diski imekufa. Ukisema wewe, hakuna atakayebisha."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mke wake amechoka, halali vizuri, aache apumzike. Alishasimama kuondoka ndipo akaongeza, bila kunitazama, "Akishaipata hiyo shahada, atakaa na dalali wa mahindi?"

Alipoondoka nikampigia mama, nikamuuliza yale maneno ya wivu aliyasikia wapi kwanza. Mama akajibu bila hata kufikiri: kwa kaka yako. Nililia pale kibarazani mbele za watu. Kumbe wakati mimi namshuku wifi, na wifi ananishuku mimi, kaka alikuwa katikati anatusikiliza wote.

Kazi ya wifi ipo salama. Nimeinakili kwenye mashine yangu, na chuoni anatakiwa aikabidhi wiki hii. Nikimrudishia kimyakimya, atasema niliificha mwenyewe, na kaka atatafuta waya mwingine wa kuchomoa. Nikisema ukweli, navunja nyumba ya mtu aliyenilea. Nikisema imekufa, najua sitaweza tena kumtazama mwanamke yule.

Leo mchana wifi kanitumia ujumbe. Ameandika: "Wifi, kama ni wewe, nirudishie tu kazi yangu. Sitamwambia hata kaka yako."

Nimeusoma mpaka nimeukariri. Kesho asubuhi anakuja kuchukua kompyuta yake, na kaka amesema atamsindikiza. Nyie wenye ndoa, nyie mliolelewa na kaka zenu, hebu niambieni: wakishakaa mbele ya meza yangu wote wawili, nifungue kinywa nianze na nini?