Kasuku Aliyengoja Amina

Ilikuwa asubuhi ya Julai, ile baridi ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye meno, nami niko ndani nachagua maharagwe, niliposikia mwanamume anabisha. Sauti nzito, ya mtu mzima aliyezoea kusikilizwa. Si kama vijana wetu wa Kangemi ambao hupiga mluzi tu, ukitoka utoke.

“Hodi!”

“Karibu!” nikasema, nikajifunga leso vizuri. Mimi ni mjane. Mlangoni kwangu wanaume hawaji ovyo.

Hakuna aliyeingia. Nikaendelea na maharagwe yangu.

“Hodi!”

“Si nimesema karibu! Ama unataka kubebwa?”

Nikatoka na ungo mkononi, nimeshapanga maneno ya kumwambia. Ua wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga ulikuwa mtupu. Kulikuwa na tanki la maji, ndoo za watu na kamba ya nguo. Juu ya kamba, katikati ya petikoti yangu na sweta ya mjukuu, alikuwa amekaa ndege wa kijivu, mnene kuliko njiwa, mkia mwekundu kana kwamba umechovywa kwenye rangi ya mlango. Akanitazama kwa jicho moja la manjano, jicho la mwalimu mkuu. Akafungua mdomo wake mweusi uliopinda.

“Hodi,” akasema.

Maharagwe yote yalimwagika.

Kasuku nilikuwa nimesikia habari zake. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na ndege kukubishia hodi kwa sauti ya mzee wa kanisa ni kitu kingine. Nilifikiri nimekufa na huku ndiko kwenyewe, nikashangaa mbona wamenipokea na petikoti yangu inaning’inia. Halafu nikaona anatetemeka. Manyoya ya kifua yalikuwa yamelowa umande, na mguu mmoja ameukunja tumboni. Nikajiambia, mama, huyu amebisha, nawe umemwambia karibu, mara mbili. Kwetu magharibi neno hilo si la kuchezea. Ukishalisema, mgeni ni wako. Na katika maisha yangu yote hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwangu na njaa, hata wale nisiowapenda.

Nikamfunika na leso, polepole. Hakupigana. Nilitegemea uzito wa kuku, nikajikuta nimebeba kitu chepesi kama mkate. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu, mbio mbio, na mimi nimesimama pale kwenye matope ya ua sitaki kupumua. Nimeshika watoto wengi wachanga mikononi, wangu na wa watu. Sijawahi kuogopa kushika kitu kama siku hiyo.

Nikamtengenezea katoni ya sabuni, nikatandika sweta kuukuu, nikapitisha mwiko wangu wa ugali kutoka upande huu hadi ule ili apate pa kusimama. Akaupanda mwiko kama aliyezaliwa juu yake.

Jirani yangu anayeuza mboga kando ya barabara, anayeniita shosho, yaani bibi, alikuja mbio kabla ya saa sita.

“Shosho, nimeskia mwanaume kwako asubuhi. Uko na mgeni?”

“Niko naye.”

“Wacha! Mzee wa wapi?”

“Ingia umwone. Ametulia tu kwa mwiko.”

Akaingia huku anacheka. Kasuku akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa ile sauti nzito, “Fungua geti!” Jirani alitoka kinyumenyume, kiatu kimoja kikabaki.

“Shosho, hiyo ni jini! Ndege gani inaongea Kiswahili?”

“Sasa ulitaka aongee nini, Kiluhya?”

“Toa hiyo kitu kwa nyumba! Mimi sirudi huko!”

“Kiatu chako je?”

“Rusha!”

Nikarusha.

Jioni akaja mjukuu wangu kutoka kazini. Anauza vifuniko vya simu kwenye kibanda katikati ya mji, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo. Hata kama ni vifuniko anauza, cheti chake kimening’inia ukutani kwangu na kila anayeingia lazima akione. Alipiga magoti mbele ya katoni akasahau kuvua mkoba.

“Kukhu,” akaniita, maana hivyo ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwetu, “hii ndege ni ya watu. Imetoroka. Hii ‘fungua geti’ si ya huku kwetu. Ni ya pale Spring Valley kwa matajiri ama huko karibu.”

“Basi watafute wenyewe.”

Akampiga picha, akaituma kwenye vikundi vya simu. Halafu akasoma soma kwenye simu yake, akaniambia moshi unaua ndege wa namna hii. Mapafu yake ni madogo, hayawezi. Nikabeba jiko la makaa nikalitoa nje, chini ya mabati ya baraza. Tukawa tunapikia huko na kulia huko huko, tumekumbatia jiko, sahani kwenye magoti, tunakula haraka kabla ugali, uliosongwa kwa mwiko wa kuazima, haujapoa. Ndani tulimwachia mgeni.

Na mgeni hakula.

Nilimpa mahindi ya kuchemsha. Nilimpa wali, njugu, ndizi, kipande cha andazi. Maji alikunywa kidogo kutoka kwa kijiko. Lakini chakula, kila nikiweka bakuli, alishuka kwenye mwiko, akalikaribia, akainamisha kichwa. Akabaki hivyo, kichwa chini, macho nusu yamefungwa. Halafu akainua kichwa akanitazama. Akainamisha tena. Mwisho alipanda mwiko wake akanigeuzia mgongo.

Nilijua ni udhaifu. Kuku akianza kuinamisha kichwa hivyo, kwetu unachemsha maji ya kumnyonyoa, kwa sababu hana siku nyingi. Nikamfunga kwenye leso nikampeleka kwa kijana mmoja wa duka la dawa za mifugo, upande wa Uthiru.

“Anasinzia,” akasema. “Hiyo ni homa, mathe. Ama ni huzuni. Hawa hukufa na huzuni.”

“Huzuni ina dawa hapo kwa rafu?”

“Haina.”

Akanipa unga wa vifaranga, nikoroge kwenye maji. Nikakoroga. Hakuugusa.

Kifua chake kikaanza kuchongoka. Ukipitisha kidole unasikia mfupa wa katikati, kama kisu. Nilikuwa nakaa kitandani namwangalia, naye ananiangalia, na ninaona aibu kama mtu aliyealika watu harusini halafu sufuria ikapatikana tupu. Nilimwimbia. Nilimtukana pia. Nilimwambia, wewe, kama ni chakula cha matajiri unataka, sema, si mdomo unao? Akasema, “Fungua geti,” kwa sauti ndogo sasa.

Jumapili tulitoka kanisani mvua ikitunyeshea, ile nyembamba isiyo na haraka. Upepo ulikuwa unaitupa mpaka ndani ya baraza, haiwezekani kukaa. Tukaacha jiko huko, tukaingiza sufuria, tukakaa mezani kama watu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mgeni afike. Katoni ilikuwa juu ya kiti cha tatu, na bakuli lake la wali lilikuwa mbele yake kama kawaida, halijaguswa.

Mezani kwangu tunaomba. Kule nje, na baridi ile, nakiri tulikuwa tunamega tu. Lakini meza ni meza. Nikafumba macho nikaomba kwa sauti, jinsi mama yangu alivyokuwa akiomba: tunakushukuru kwa chakula hiki, uwape na wale wasio nacho, uibariki mikono iliyokitayarisha, kwa jina la Yesu.

“Amina,” akasema mwanamume.

Nilifumbua macho. Mjukuu alikuwa ameshika midomo kwa mikono miwili. Kasuku alikuwa amesimama mbele ya bakuli, kichwa amekiinamisha. Akakiinua. Akachukua punje ya wali, akaigeuza kwa ulimi wake mweusi, akameza. Akachukua nyingine. Halafu akaingia ndani ya bakuli kwa miguu yote miwili akala, akala, wali unaruka mpaka kwenye cheti ukutani.

Hakuwa mgonjwa. Hakuwa anasinzia. Siku zote zile ndege alikuwa ameinamisha kichwa anangoja maombi, na sisi Wakristo wawili wazima tunapita pita hapo hatuelewi.

Sikuweza kula. Nililia kama mtoto. Nimekaa kanisani tangu nibatizwe, nimesikia wahubiri wa kila aina, wa kupiga kelele na wa kunong’ona. Hakuna aliyewahi kunifanya niogope kula kabla ya kuomba jinsi alivyonifanya yule kiumbe mwenye kifua kama kisu. Angekufa. Chakula kiko mbele yake, na angekufa akingoja mtu aseme neno.

Kutoka hapo alikula mara tatu kwa siku, na kila mara niliomba. Jirani wa mboga alikuja kushuhudia, amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

“Kumbe jini imeokoka,” akasema.

Simu sasa. Mjini hapa, ukiokota kitu kizuri, wenyewe wanakuwa wengi. Mjukuu alikuwa anapigiwa simu mpaka kazini, kila mtu anasema ndege ni wake. Nikamwambia, nipe mimi niwahoji. Swali langu lilikuwa moja: kabla hajala, mnafanya nini?

“Tunaosha bakuli,” akasema mmoja.

“Tunampatia vitamini.”

“Tunamfungulia redio.”

“Mama, kwani wewe ni polisi?”

Wote nikawakatia.

Halafu jioni moja akapiga mtu ambaye hata hakungoja swali. “Habari ya jioni, mama. Nimeonyeshwa picha na askari wa getini kwangu. Tafadhali niambie tu, anakula?”

“Anakula.”

Nikasikia anavuta pumzi.

“Basi mmemwombea,” akasema.

Nikaondoa simu sikioni nikaitazama. Si kwa sababu ya jibu. Ni sauti. Sauti ile nilikuwa naishi nayo. Ilikuwa imenibishia hodi, imemfukuza jirani na kuniitikia mezani, na sasa iko kwenye simu inalia. Katika katoni kasuku alisimama wima kabisa juu ya mwiko, shingo ameinyoosha kama mtu aliyesikia jina lake.

Alikuja kesho yake mchana na teksi; mjukuu alikuwa ameomba ruhusa kazini asikose kuona. Mzee mrefu, amevaa koti zuri, lakini suruali imeshikwa na mshipi kama mdomo wa gunia. Alisimama nje ya mlango wangu ulio wazi.

“Hodi!” akasema.

“Hodi!” akajibu mwingine kutoka ndani.

“Karibuni,” nikasema. Ningesema nini?

Sitaeleza sana jinsi walivyokutana. Kasuku aliacha mwiko, akatembea juu ya meza, akapanda mkono wa koti mpaka begani, akaanza kumchambua nywele za sikio moja moja. Mzee alifumba macho, akaacha achambuliwe.

Alituambia alimfungulia dirisha mwenyewe. Alidhani ndege ni mzee kama yeye, kwamba hawezi tena kuruka. Mke alitangulia. Watoto wako ng’ambo. Zamani meza ilikuwa imejaa na ndege alijifunza kutoka kwao wote, hakuna aliyemfundisha.

“Wote wakaondoka, akabaki yeye,” akasema. “Mimi naomba, yeye anaitikia. Mtu hawezi kujiitikia mwenyewe, mama. Ni kama kujipigia makofi.”

Nikautazama ule mshipi. Nikatazama shingo ndani ya kola.

“Na tangu aondoke,” nikamwuliza, “wewe umekuwa ukila?”

Akaangalia sakafu. “Naweka chakula. Naomba. Halafu…” Akanyanyua mkono, akaushusha.

Nikainuka. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, lakini ningemchinjaje ndege mbele ya ndege? Nikatoa mwiko kwenye katoni, nikausugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka mjukuu akacheka, nikaenda kusonga ugali barazani. Kunde nilikuwa nimeshachemsha. Nikaziunga kwa njugu za kusaga.

Nilipoingiza chakula mzee alikuwa ameshavua koti. Nikamwambia aombe yeye, hapa ni kwangu lakini leo meza ni yake. Akainama. Ndege akainama begani kwake. Mjukuu akainama. Mzee alianza vizuri, kisha sauti ikamkatikia mahali pa mikono iliyotayarisha. Akabaki hapo, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nikasikia mvua imeanza tena kwenye mabati. Nilitaka kumsaidia kumalizia, nikakataza mdomo wangu.

“Amina,” akasema ndege, polepole, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo.

“Amina,” tukasema sote.

Mzee alimega tonge, akampa ndege kwanza chembe moja, halafu akala. Alikula bila kuinua macho, kunde mpaka kwenye kidevu. Alipomaliza aliisukuma sahani mbele kidogo, vidole viwili tu, halafu akaangalia pembeni, anavyofanya mtoto anayetaka kuongezwa na anaona haya. Nikamwekea nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.