Taa ya Chaji

Kwa miaka mitatu kaka yangu aliwasimulia watu wa Mazwi, mtaa wetu hapa mjini, kwamba mimi ndiye niliyeunguza alteneta, ule mtambo wa kuchaji betri, kwenye pikapu ya marehemu baba, kwa sababu niligusa waya nisioujua. Aliwasimulia wateja wake, mafundi wenzake na mkewe, ambaye aliyafikisha maneno hayo hadi kwenye shule ninakofundisha fizikia. Niliyasikia na sikuyajibu. Ulikuwa uongo, na ningeweza kuuvunja kwa sentensi mbili. Ile ya pili ndiyo iliyonifunga mdomo.

Hatukuanza kuchukiana kwa ajili ya gari. Baba alimpeleka mtoto mmoja tu chuoni, na mtoto huyo alikuwa mimi. Kaka alibaki na jembe na mashamba ya ulezi mpaka alipochoka, akashuka mjini na kujifunza umeme wa magari kwa kumtazama fundi mmoja aliyetoka Mbeya. Hakuwahi kuniita dada tena. Aliniita mwalimu, kwa namna ambayo mtu humtaja mdudu aliyemkuta kwenye uji. Mimi nilimwita fundi, na sikuwa na heshima zaidi. Baba alipofariki pikapu ilibaki kwake, kwa kuwa alisema yeye ndiye anayejua kuitunza. Kazi kubwa ya gari hilo ilikuwa kumtoa mama kijijini, mwendo wa saa tatu juu ya uwanda, na kumleta hospitalini mjini kwa ajili ya macho.

Mama alikuwa na presha ya macho. Dawa ya matone ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, na jicho la kushoto lilikuwa linafifia kutoka pembeni kuja katikati. Mwezi wa Juni mwaka huo tuliambiwa kwamba madaktari bingwa kutoka nje ya mkoa watakuwepo Jumatatu moja tu, kisha wataendelea na safari yao. Muuguzi alinieleza bila kupamba: jicho hilo likipasuliwa sasa litabaki na kile linachokiona, likicheleweshwa, kinachopotea hakirudi.

Pikapu nayo ilikuwa mgonjwa. Kila asubuhi ilisukumwa ndipo iwake. Kaka alikuwa amebadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na nilipomuuliza kama betri zote hizo zinakufa kwa huzuni, alinijibu, "Mwalimu, kafundishe watoto."

Jumamosi tulipanda wote wawili kwenda kumchukua mama, safari nzima bila kusemezana. Jumapili, baada ya misa, pikapu ilikataa kuwaka katikati ya ua, mbele ya wajomba wawili na majirani waliokuwa wametoka kanisani na hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Waliisukuma, ikawaka. Kaka alifungua boneti.

"Betri imekufa," alisema.

"Hii ni ya tatu," nilisema. "Tuizike wapi?"

Mjomba mkubwa alicheka, akavuta kigoda. "Leo tutaona chuo na spana."

Nilikuwa nimebeba mita kutoka maabara ya shule. Nilipima kwenye alteneta yenyewe, injini ikiwa inaunguruma: volti kumi na nne na nusu, kiasi cha alteneta iliyo nzima. Nikapima kwenye betri: kumi na mbili na kidogo. Umeme ulikuwa unazalishwa vizuri na kupotea njiani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya alteneta na nyingine kwenye upande wa hasi wa betri, mahali ambapo hapakupaswa kuonekana kitu, nikakuta karibu volti mbili. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya mnene wa hasi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye injini. Kwa nje ulionekana salama. Chini ya bolti yake palikuwa na kutu ya kijani. Ndiyo maana starta haikuwa na nguvu, na ndiyo maana betri hazikushiba hata mara moja.

"Alteneta ni nzima," nilitangaza. "Ni huu waya."

"Waya!" Kaka aliwageukia wajomba. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, sasa nafundishwa na kidude cha kuwaonyesha watoto wa kidato cha pili. Hii alteneta imekwisha. Subirini niwaonyeshe."

Akachukua spana namba kumi na kuanza kulegeza temino ya betri, kile kishikio cha waya.

Nilijua anachotaka kufanya. Mafundi wengi wa mjini hupima hivyo: huchomoa temino injini ikiwa inaunguruma, na injini ikizima husema alteneta ni mbovu. Ni kipimo cha kijinga. Betri ndiyo inayoumeza umeme wa ziada. Ukiiondoa ghafla, umeme hukosa pa kwenda, hupanda kwa kufumba na kufumbua, na huweza kuchoma diodi, vile vijipande ndani ya alteneta vinavyozuia umeme wa betri usirudi nyuma. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo mwezi huohuo, chaki mkononi.

Palikuwa na muda wa kutosha. Bolti ilikuwa na kutu na kaka aliihangaikia huku akiitukana. Neno moja, usichomoe, lingetosha. Sikulisema. Nilijua pia kwamba injini haitazima, kwa kuwa alteneta ilikuwa nzima, na nilitaka isizime mbele ya watu wale wote. Nilitaka uso wake wakati huo. Nilikuwa nimeusubiri tangu nilipokuwa msichana wa chuo nikirudi likizo na kukuta viatu vyangu vimetupwa zizini.

Akachomoa. Taa za mbele ziling'aa kwa ukali, kitu fulani kikapiga mluzi mwembamba, na injini ikaendelea kuunguruma.

"Mbona haijazima, fundi?" mjomba mdogo aliuliza.

"Labda inaogopa walimu," akajibu mkubwa, na ua mzima ukaangua kicheko.

Kaka alirudisha temino, akatupa spana kwenye nyasi na kwenda kusimama nyuma ya ghala. Nilizima injini. Nikafungua waya wa hasi, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, nikaufunga upya. Nilipowasha, starta ilizunguka kwa nguvu ambayo pikapu ile haikuwa nayo tangu baba akiwa hai. Wajomba walipiga makofi. Ndipo nikaiona taa ya chaji kwenye dashibodi, nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ikiwa haizimiki: dalili kwamba alteneta haichaji tena.

Mita ilikuwa kwenye kiti, karibu na mkono wangu. Kupima kungechukua muda wa kusema Baba Yetu. Lakini ningepima, ningelazimika kusema, na ningesema mbele ya watu wale wale waliokuwa wananipigia makofi. Nilizima injini. "Imepona," niliwaambia.

Usiku mama alipendekeza tupande basi la alfajiri. "Magari yenu haya nayajua," alisema. Kaka alisema gari lipo. Mimi nikasema gari limetengenezwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sisi wawili kukubaliana.

Saa kumi na moja basi lilipita barabarani, likapiga honi, likaenda. Saa kumi na mbili pikapu haikuwaka. Alteneta iliyoungua ilikuwa imeinyonya betri usiku kucha.

"Si uliitengeneza?" kaka aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake alionekana mwenye furaha.

Wajomba waliisukuma mpaka kwenye mteremko, ikawaka kwa shida. Mama alikaa katikati yetu, ameshika chupa ya uji wa ulezi mapajani. Ukungu wa Juni ulikuwa mzito kiasi kwamba tulilazimika kuwasha taa kubwa, na kila nilipotazama dashibodi niliikuta ile punje nyekundu.

"Taa ya chaji inawaka," kaka alisema.

"Itazimika."

"Ilianza lini?"

"Sijui," nilisema.

Taa za mbele zilianza kuwa za njano, kisha za kahawia. Injini ikakohoa, ikafa. Hapakuwa na nyumba wala mti, nyasi tu na upepo ule wa uwanda unaopenya hadi kwenye fizi. Tulisimama hapo zaidi ya saa tatu. Kaka alinitukana kwa Kifipa, ili mama asikose neno hata moja. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha darasani, ambacho najua kinamuuma zaidi. Mama alifunga dirisha. Hatimaye lori la dagaa lililotoka Kipili lilisimama, dereva akampisha mama kiti cha mbele, na sisi tukapanda juu ya magunia, kila mmoja kwenye kona yake.

Tulipofika hospitalini, madaktari walikuwa wanafunga masanduku. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshasafishwa. Yule muuguzi alimtazama mama, kisha akatutazama sisi tunaonuka samaki. Waliporudi mkoani, miezi saba baadaye, waliliokoa jicho la kulia. La kushoto walisema tuache kulitia dawa.

Kaka alifunga alteneta nyingine na kuanza hadithi yake. Nilivumilia kusingiziwa waya, maana waya ule nilikuwa nimeufunga sawasawa, na kulikuwa na raha ya siri, mbaya, katika kusingiziwa kosa ambalo si langu.

Mwaka jana, wakati wa kupura ulezi, tulikutana tena uani kwa mama. Jirani aliuliza habari za pikapu, na kaka akaanza: jinsi mwalimu alivyosugua waya, jinsi alteneta ilivyoungua. Mama aligeuza kichwa chote, kama anavyolazimika kufanya siku hizi, mpaka jicho lake zima likanipata.

"Na wewe huna mdomo?" aliniuliza.

Nikasema. Waya haukuunguza kitu. Alteneta iliungua temino ilipochomolewa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikijua. Kisha nikaiona taa, nikazima injini bila kupima.

"Ulijua nikichomoa itaungua?" kaka aliuliza.

"Nilijua."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha."

"Ili wajomba wanicheke. Na siku hizo zote huko shuleni unawaambia watoto kwamba una akili."

Mama hakuzungumzia alteneta. "Lile basi lilipiga honi," alisema. "Nilikuwa nimeshavaa." Akaomba aletewe ungo wake.

Sasa kaka anasimulia ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi, na kwa hadithi hii ya kweli watu wa Mazwi wananitazama vibaya zaidi kuliko zamani. Yeye bado anachomoa temino. Nimepita mbele ya karakana yake na kuusikia ule mluzi. Nilisimama, nikamwita, nikamwambia aache. Alinijibu kwamba nimechelewa.

Mama haoni upande wa kushoto, na hapendi kuzungumza na mtu asiyemwona. Kwa hiyo tukienda kumsalimu, sote wawili hatuna budi kukaa upande wake wa kulia, kwenye benchi moja fupi alilochonga baba. Tunamwamkia shikamoo, anaitikia, kisha anaendelea kupepeta.

"Sogea, mwalimu," kaka ananiambia bila kugeuza uso.

"Sogea wewe."

Hakuna anayesogea, maana benchi limekwisha.