Sauti ya Mama Masika Ilivyokwama Mulekera

Mnaniuliza kwa nini siku hizi nikienda msibani nakaa nyuma kabisa karibu na masufuria, nami hujibu kwamba napenda harufu ya maharagwe. Si kweli, ni aibu. Leo nitaieleza, polepole, maana kuandika kunanichukua muda (shule niliiacha baada ya la sita) na kuongea kunanichukua muda zaidi.

Nina chumba cha kazi hapa Butembo, natia nyimbo kwenye simu za watu na kutengeneza video za ndoa na za misiba. Jirani yangu, ya Kambale (kwetu “ya” ni kaka), alifiwa na mama yake, Mama Masika, hospitalini hapa hapa, na mazishi yalipangwa kwao Beni, huko Mulekera. Akaniletea picha, na simu ya marehemu.

"Paluku, mu hii simu kuko sauti yake. Alijirekodi pa kitanda, ni maneno ya batoto yake yote. Miye nilisikiliza kidogo, nikashindwa. Utie mu video, tutasikia pamoja na Katungu."

Katungu ni dada yake, aliolewa Kisangani, na kwa sababu ya barabara hakuwa amemwona mama yake miaka mingi. Angefika siku ya mazishi yenyewe, sanduku likiwa limeshafungwa. Donc, yaani, ile sauti ndiyo ingekuwa kuagana kwao.

Gari ya kutupeleka Beni ilikuwa iondoke kesho yake asubuhi, na kompyuta yangu (nimeiunga mwenyewe kwa vipande vya mtumba) ilionyesha kwamba video ingekamilika watu wakiwa wameshatoka makaburini. Basi nikaisukuma prosesa iende mbio kuliko mwendo wa kiwandani. Nilijifunza hayo kwa kutazama video kwenye simu: unaongeza mwendo, mashine inaganda, unaongeza volteji kidogo, inashika, lakini volteji hiyo hiyo inaleta joto, na joto likizidi, mashine iliyokuwa imeshika inaganda tena. Mimi nilipandisha mwendo, nikapandisha volteji, nikaacha mlango wazi baridi ya Butembo iingie, na joto likakaa pazuri. Video ikawa tayari kabla ya gari. Nikajiona fundi mkubwa.

Hapo ndipo penye kosa. Kurudisha mipangilio ya zamani kulitaka kuzima na kuwasha upya, jambo dogo tu, lakini gari ilipiga honi, nami nikaona haya kuwaambia watu waliofiwa waningoje. Nikasema itakwenda. (Ningeweza pia kuazima laptop ya mtu, lakini kuazima ni kuomba, na kuomba ni kusema.) Nikaikumbatia kompyuta mapajani, na simu ya marehemu nikaisahau kwenye chaja.

Nyinyi mnajua Beni si Butembo. Tuliposhuka Mulekera jasho lilinitoka kabla sijatua mzigo. Walikuwa wametandaza bashi, lile turubai, juu ya uwanja, na chini yake joto lilikuwa kama la chungu kilichofunikwa. Nikaunganisha projekta na bafle (spika kubwa) kwenye jenereta, nikaacha picha zizunguke watu wakiingia. Kisha mama mmoja wa kanisa akaja na kitambaa cheupe.

"Hiki chuma ni kibaya pembeni ya sanduku. Tukifunike."

Akakifunika chote, mbele na nyuma, feni na vyote. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Katungu alifika na vumbi la safari nguoni. Kabla hajakaa, tantine yao, dada wa marehemu, akamwambia mbele ya wote:

"Leo ndiyo unajua njia ya Mulekera? Mama yako alikufa na hasira juu yako."

Katungu akaketi. Ya Kambale akanifanyia ishara, nikaianzisha video.

Sauti ikatoka safi, ya mgonjwa lakini safi. Ikamtaja Kambale, ikamshukuru kwa dawa. Watu wakalia kile kilio kizuri cha kulia pamoja. Kisha: "Katungu, mwana wangu, miye..." na picha ikaganda, na bafle zikashika kipande hicho cha mwisho, mi-mi-mi-mi-mi, kwa nguvu zote, bila kupumua.

Watoto walikimbia. Mama mmoja alianguka na kiti chake. "Zimisha! Zimisha hicho kintu!" Nilibonyeza kitufe nikakiachia upesi (kinatakiwa kushikiliwa, najua, nawafundisha wengine), nikachomoa waya, ukawa wa projekta, picha ikapotea na sauti ikabaki. Mwishowe nikang'oa waya mkubwa wa jenereta, na maikrofoni ya pasteri nayo ikafa.

Nikafunua kitambaa, chuma kikaniunguza vidole.

Katungu alikuwa amesimama. "Alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Hata sauti yake imekukataa," tantine akasema. Na niliona watu wakitikisa vichwa, kama wamekubali.

Mimi nilikuwa nimeisikiliza sauti ile mara nyingi nikiipanga na picha. Neno kwa neno niliijua: Katungu, mwana wangu, miye sikukasirika, nilijua njia ni mbaya, usilie sana. Ilitosha kuyasema kwa kinywa. Ulimi ukanikauka. Pasteri akaanzisha wimbo bila maikrofoni, wakanyanyua sanduku, wakaenda, na mimi nikabaki nakunja nyaya.

Jioni ile mashine ilipopoa nilirudisha mwendo na volteji ya kiwandani, na video ikacheza mpaka mwisho, kama kunicheka. Asubuhi nikampelekea Katungu sauti kwenye simu yangu. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Alipogeuka aliuliza:

"Ulikuwa unajua haya maneno? Jana, pale?"

"Ndiyo, dada."

"Batu yote balikuwa pale, Paluku."

Nikamwambia anaweza kuwasikilizisha sasa. Akatikisa kichwa. "Siwezi kuzunguka mlango kwa mlango na simu, nikijitetea. Aksanti." Akarudi Kisangani.

Tangu hapo siisukumi prosesa hata kidogo, na mteja akisema mashine yangu ni nzito namwambia angoje. Hilo ni rahisi. Lakini juzi, kwenye soko la Musienene, karibu na hapa, nilikutana na yule tantine akinunua viazi. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za kazi, nikajibu nzuri, nikaondoka. Siku ya soko ijayo nitamtafuta. Maneno ya dada yake, Mama Masika, nimeyaandika hapa kwanza, ili ulimi uyazoee.