Kopo la Mwalimu na Kilima cha Bibi

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kamuli kufunga nyumba ya bibi, na mvua ikanikuta ndani. Bati moja karibu na mlango limeoza kwa kutu. Niliweka sufuria chini yake, na tone la kwanza lilipolia nikajikuta nimeubana mkono wangu wa kulia kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisitoroke. Nimefanya mitihani ya chuo kikuu bila kutetemeka. Nimebishana na wahadhiri mpaka wakanichoka. Lakini tone la maji likianguka ndani ya chombo, mimi ni mtoto wa darasa la sita.

Wewe rafiki yangu uliyesoma kwenye shule yenye saa ukutani, huenda hili likakuchekesha. Sisi saa hatukuwa nayo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kopo tupu la mafuta ya kupikia, ametoboa kitako chake kwa msumari mdogo. Kila Ijumaa baada ya mapumziko alilijaza maji mpaka kwenye mstari alioukwaruza kwa ndani, akalitundika kando ya ubao, na chini yake akaweka beseni. Alikuwa amelipima kwa saa yake ya mkono, enzi saa hiyo ilipokuwa nzima: dakika thelathini. Halafu aliandika kichwa cha insha ubaoni, akageuka na kusema, "Andikeni. Maji hayana mjomba hapa."

Ijumaa moja ilikuwa insha ya kushawishi, Ijumaa nyingine insha ya mambo yako mwenyewe. Mwanzoni maji yalitiririka kama uzi, na uliweza kuyasahau. Kisha uzi ulikatika yakawa matone, na matone yakaanza kuachana. Hapo ndipo kalamu zilipoanza kukimbia, kwa sababu hukujua lipi ni la mwisho. Ambaye hakumaliza alisimama mbele na kusoma insha yake mpaka pale ilipokatika, hata kama ilikatika katikati ya neno, na darasa zima lilicheka.

Mwenzangu wa dawati alikuwa binti wa mwenye duka, na babu zake walitoka pwani. Kiswahili kilimtoka kama maji ya kopo lililojaa. Mimi nyumbani nilisema Kinyambo, lugha ya huku kwetu. "Wewe unaandika kama unachimba choo," aliniambia. "Unafuta kuliko unavyoandika."

Alisema kweli. Niliogopa maneno, na nilikuwa na sababu. Bibi aliyenilea alikuja kutoka Rwanda akiwa mjane kijana, na akiwa peke yake jikoni aliimba Kinyarwanda kwa sauti ya chini. Aliwahi kuona jirani akipandishwa kwenye gari kwa kukosa karatasi, na jirani yule hakurudi tena. Kwa hiyo tangu nijue kusema nilifundishwa jibu moja, la kutaja kata nyingine ya upande huu wa mpaka. "Ukiulizwa, sisi ni wa Bugomora," bibi alisema huku ananifunga vifungo vya sare. "Wa wapi?" "Wa Bugomora, bibi." "Haya, nenda shule."

Sasa Ijumaa moja mwalimu aliandika: Mshawishi mgeni ahamie kijijini kwetu. Nilianza kama wote. Ardhi yetu ina rutuba, kahawa inastawi, ndizi hazikosekani. Nikasimama. Hata wakati ule sikuamini sentensi kwa sababu tu kila mtu anaiandika. Nani atahama kwao kwa ajili ya rutuba? Nilifuta yote. Nilipoinua kichwa, uzi wa maji ulikuwa umeshakatika.

Hofu ndiyo iliyoandika yaliyofuata. Niliandika kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho: kwamba mwanamke mmoja alifika hapa akiwa na jembe, ngozi ya mbuzi na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi kabla hajala. Kwamba jirani alimpa machipukizi saba ya migomba, na kibanja chetu, shamba lote la migomba, kimetokana na hayo saba. Nikataja na jina la kilima alikozaliwa. Bibi alikuwa amenitajia mara moja tu, siku chache nyuma, tukichambua maharage, kisha akarudi kwenye maharage kama aliyejing'ata ulimi. Niliweka nukta na tone la mwisho likaanguka. Mwalimu alikusanya madaftari kabla sijaelewa nimefanya nini.

Jumatatu alinirudishia daftari. "Hii utaisoma Siku ya Wazazi," alisema. "Balozi wa nyumba kumi atakuwepo, na afisa kutoka wilayani."

"Mwalimu, ile si kweli. Nilitunga."

"Insha zote hutungwa. Kaa chini."

Juma lile sikulala vizuri. Bibi aliweka mbele yangu ndizi na maharage aliyoyaunga kwa samli, nikawa naviringisha tonge mkononi. Tulianika kahawa uani, na kila gari lililonguruma kwenye barabara ya juu nililisikiliza mpaka lipotee. Nilimwona bibi akipandishwa gari huku ameshika jembe lake. Nilimwona akigeuka kunitazama. Alhamisi, alipokwenda kuchota maji, nilichana ukurasa ule nikausukuma kwenye moto chini ya chungu. Uliwaka upesi sana kwa kitu kilichokuwa kizito namna ile.

Siku ya Wazazi bibi alivaa kitenge chake cha kanisani na kukaa safu ya pili, nyuma ya balozi. Afisa alikaa kwenye kiti pekee chenye mito. Nilisimama nikafungua daftari mahali palipokuwa peupe, nikasoma hewa. Ardhi yetu ina rutuba. Kahawa inastawi. Ndizi hazikosekani. Mwalimu alinikazia macho, kisha akayainamisha kwenye viatu vyake. Watu walipiga makofi. Bibi alipiga mara mbili, akaacha.

Njiani kurudi alitembea mbele. Tulipofika kwenye migomba yetu akageuka.

"Mbona si ile? Mwalimu alinifuata mpaka shambani kuniambia umeniandika."

"Nimeichoma, bibi. Balozi alikuwa pale."

Aliweka kiganja kwenye shina la mgomba. "Machipukizi saba nilipewa na nani, unadhani? Na baba yake balozi. Balozi mwenyewe ndiye aliyeyabeba kichwani, akiwa kijana mdogo, analalamika shingo inamuuma."

"Na yule afisa?"

"Yule alikuwa amesinzia tangu wimbo wa kwanza." Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Sijawahi kusikia mtu akinisoma. Niandikie tena."

"Nitaandika kesho."

Mpaka leo sijui kama aliniambia kweli au alitaka tu kunituliza, maana hata baada ya siku ile aliendelea kukatiza wimbo wake kila gari lilipopita. Ninachojua ni kwamba kesho ile sikuandika. Ulikuja msimu wa kahawa, ikaja sekondari ya bweni, kikaja chuo, ambako nilijifunza kuuliza maswali juu ya kila kitu na kila mtu. Yeye sikumuuliza. Mdomo wangu ulikuwa umezoea Bugomora. Nilipopata ujasiri, alikuwa ananiita kwa jina la mama yangu, na jina la kilima chake lilikuwa limemtoka. Sasa yuko chini ya migomba yake.

Shule imejengwa upya kwa matofali, na kila darasa lina saa. Mwalimu amestaafu. Nilimuuliza habari za kopo, akasema watoto walilichukua kuchezea.

Basi siku ile ya mvua nilitafuta karatasi nikakaa karibu na sufuria. Niliandika jembe, ngozi ya mbuzi, mtoto mgongoni, machipukizi saba, na kijana aliyelalamikia shingo. Matone yalikuwa yakiachana nilipofika kwenye jina la kilima. Nilisubiri. Nilijaribu kulisikia kwa sauti yake, kati ya maharage yanayoanguka kwenye ungo, lakini halikuja. Mvua ikakatika. Nikaacha nafasi ya neno moja, nikaendelea na sentensi.