Fundi Cherehani na Kimfupa cha Sikio

Mama yangu ni fundi wa kutengeneza cherehani mbovu, na mifupa yake inavunjika kirahisi tangu azaliwe. Ukimuuliza amevunjika mara ngapi, anajibu, "Hadi leo asubuhi?" Mguu aliuvunja akiruka kidimbwi cha maji, ubavu akicheka. Mimi sioni cha kuchekesha hapo; yeye anakiona.

Kilichomkosesha usingizi ni masikio. Ufundi wake wote uko humo: anazungusha gurudumu, anatega sikio, anajua kasoro iko wapi kabla hajafungua skrubu hata moja. Alipofika miaka arobaini, sauti zikaanza kufifia. Basi akabuni njia yake: ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini katikati ya meno. Mlio ulipita kwenye mifupa ukamfikia barabara. Wateja walikodoa macho. Siku moja cherehani ikaruka, jino likakatika vipande viwili.

Daktari wa meno alitaka kujua mtu mzima anatafuna bisibisi kwa nini. Alipoelezwa, akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio.

Huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema ugonjwa uleule wa mifupa umekigandisha kimfupa cha ndani ya sikio, kidogo kuliko punje ya mchele. Angekitoa, aweke cha bandia.

"Lakini mifupa yako inameguka," akaonya. "Mambo yakienda kombo, utapoteza hata usikivu uliobaki kwenye sikio hilo."

"Mikubwa yote imeshanisumbua, daktari. Sasa na hiki kidogo nacho kimeanza maringo? Kitoe!"

Nyumbani utani ukaisha. Aliniambia sikio lisipopona, anauza duka lake la ufundi. Niliogopa kuliko yeye.

Wakampasua sikio la kulia. Akakatazwa kuinua vitu, akakatazwa kupenga kamasi, akanuna siku zote hizo. Pamba ilipotolewa, hakutaka kupita nyumbani, tukaenda dukani. Akaketi mezani, ametupa mgongo, anafuta vumbi kimya. Mteja mmoja akaniuliza kwa ishara kama amepona. Nikamnong'oneza, kama tulivyozoea miaka yote, "Sijui, dada. Asiposikia, duka hili linauzwa."

"Haliuzwi," mama akasema bila kugeuka. "Mpe mgeni kiti, na uache kunisengenya."

Nilimpa mteja kiti. Kisha nikakaa chini sakafuni, nikalia.