Wiki ya Kujenga Jiko

Juzi nilitoka Arua kwenda Koboko, nikapita Lobule kwa miguu. Mama mmoja alikuwa akisiriba ukuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Harufu ile, rafiki yangu, ilinirudisha miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa miaka kumi, katika kanisa letu la nyasi.

Tulikuwa Wakakwa, Walugbara na familia chache za Kongo, kwa hiyo katekista alitangaza ndoa kwa Kiswahili, Jumapili tatu mfululizo. Siku moja ilikuwa Jumapili ya tatu ya fundi wa baiskeli na binti wa mwuza vitenge kutoka Kongo. Arusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

"Mutu iko na kizuizi, aseme sasa."

Kwa kawaida watu walikohoa, kisha tukaimba. Siku hiyo bibi yangu alisimama.

"Kizuizi iko. Huyu kijana iko na nyumba, jiko hapana. Mutoto ya watu atapika wapi? Kwa jiko ya mama mukwe? Wamama wawili, chungu moja?"

Mama wa fundi akageuka. "Jiko yangu imekuuma tangu lini, we mama?"

Kanisa likaangua kicheko. Katekista hakucheka. "Mama, hii si kizuizi ya kanisa."

"Ndoa ni ya kanisa. Basi kanisa ijenge."

Katekista akakubali, akasema ndoa haifungwi mpaka jiko lisimame. Baba wa binti naye akaapa kwamba Jumamosi ikipita bure, anarudi na mwanawe Kongo. Binti aliinamisha uso, machozi yakimdondoka.

Basi tukajenga. Wanaume walikata miti na nyasi, kina mama wakateka maji, sisi wasichana tukakanyaga udongo huku tukiimba. Mchana tulikula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, ufuta uliosagwa. Alhamisi mvua ikaangusha nusu ya ukuta. Alfajiri ya Ijumaa tulimkuta mama wa fundi ametutangulia, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. "Udongo yenu nyepesi kama uji," alisema, bila kutusalimu. Jioni ukuta ulisimama. Jumamosi ndoa ikafungwa.

Siku hizi kanisa ni la matofali. Matangazo yanasomwa, tunanyamaza, kila mtu anarudi kwake. Wiki kama ile sijaiona tena. Hata hivyo fundi na mkewe wamezeeka pamoja, na wajukuu wao wanafunga ndoa palepale.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata arusi. Mama mkwe alisimama mlangoni pa jiko jipya, kigae cha kubebea makaa mkononi.

"Hodi, mutoto yangu. Naomba moto kidogo."

Moto alikuwa nao. Moshi wa jiko lake sote tulikuwa tunauona.