Ukosi wa Mungu na Ukosi wa Fundi

Mjomba wangu ni bawabu wa klabu ya gofu, na mtaani kwetu tunamwita Ukosi. Miaka ishirini na sita amesimama kwenye mlango wa kioo akikagua shingo za watu. Kibao kinasema: hakuna kuingia bila ukosi. Mwenye shati la kola anapita. Mwenye fulana, hata akija na gari la bei gani, anarudi alikotoka. Mimi naona ni upuuzi mtupu, eti kitambaa cha upana wa vidole vitatu ndicho kimpe mtu utu. Lakini upuuzi huo ndio uliomsomesha binti yake mpaka akawa mfamasia, kwa hiyo mbele yake huwa nanyamaza.

Basi binti huyo akapata mchumba, na wazazi wa mchumba wakatualika chakula cha mchana. Wapi? Klabu ile ile. Baba wa kijana ni mwanachama, ingawa kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Mjomba alipoonyeshwa picha yake kwenye simu, akakalia kapu la nguo chafu.

"Huyu nimewahi kumrudisha," akasema.

Miaka minane nyuma, bwana huyo alikuja na wageni wake, kavaa fulana. Mjomba akamzuia. Bwana akajipiga nyuma ya shingo, akafoka, "Ukosi si huu hapa?"

"Huo ni wa Mungu, bwana," Mjomba akamjibu. "Mimi natafuta wa fundi."

Wageni wakaangua kicheko. Bwana akaondoka akiapa kwamba siku ile hataisahau.

"Ukosi umegeuka mkosi," Mjomba akasema pale kwenye kapu. "Nimemharibia mwanangu."

"Baba, usipokwenda wewe, na mimi siendi," binti yake akamwambia. Likaishia hapo.

Siku ikafika. Mjomba alivaa shati jipya, kifungo cha juu kakifunga mpaka macho yamemtoka. Mlango ule hakuwahi kuupita kama mgeni. Wafanyakazi huingilia jikoni. Akausukuma, akapita mkewe, akapita binti, nikapita mimi. Nyuma yetu akaja mama mmoja, Mjomba akamshikia mlango. Kisha wanaume wawili na mifuko yao ya gofu.

"Mzee, yunifomu iko wapi leo?" mmoja akauliza, akamwachia mwavuli bila kungoja jibu.

Tulipofika mezani na kusalimiana na wakwe, nikageuka. Mjomba bado yuko mlangoni, mkono mmoja kwenye kioo, mwingine umeshika mwavuli wa watu. Mazoea yana taabu. Binti yake akainuka, machozi yanamlengalenga. Mimi nilikasirika, nikatamani kuuvunja ule mwavuli vipande vipande.

Lakini baba mkwe alikuwa ameshatutangulia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akauchukua mwavuli, akauegemeza ukutani. Akaushika mlango yeye, kisha akainamisha kichwa na kuigeuza kola yake mpaka nyuma ya shingo ikaonekana.

"Kagua, mkwe," akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Leo nimekuja na wote wawili, wa Mungu na wa fundi."

Mjomba akauliza, "Kumbe hukusahau?"

"Nisahau vipi? Wiki ya kwanza nilikasirika. Tangu hapo kila ninapokaa nalisimulia jibu lako, na watu wanavunjika mbavu. Ingia, chakula kinapoa."

Tulishusha pumzi wote, hata mama mkwe, ambaye naye kumbe alikuwa ametuogopa. Mjomba akaketi kati ya binti yake na mkwe wake, lakini kila tonge lilikuwa linampita kwa shida. Mkwe akamtazama shingoni.

"Na hicho kifungo kifungue, mwenzangu. Umeshakitumikia vya kutosha."

Mjomba akakifungua. Akavuta pumzi ndefu kwa kishindo, mpaka mkewe akamnong'oneza apunguze, watu wanamtazama.

"Watazame," akasema, akavuta nyingine.